Mgongo wa Changu

Kondo alisema, "Mama, njoo, hulipi kitu.
Mgeni mmoja tumbo limemkataa, nafasi iko wazi."
Nikaitazama ngalawa yake: gogo la mwembe
lenye mikono miwili iliyonyooka
kama mtu anayeamulia ugomvi,
tanga lina viraka vya mifuko ya unga.
Kiraka kimoja nakijua, nilimpa mimi.

Saa tatu asubuhi, Kunduchi.
Nimevaa dera, na suruali chini yake,
maana mkwe ni mkwe hata baharini.
Siwema alicheka mpaka akaangusha kopo la kukumbia maji.
Mapajani nimepakata hotipoti:
changu kumi na wawili, nimewakaanga alfajiri.
Siendi kwa watu mikono mitupu.

Mbudya si mbali. Kila siku naiona
nikiwa nimeinamia karai, kijani
nyuma ya moshi wangu,
kama picha ya kalenda ya mwaka uliopita
ambayo hakuna aliyeibandua.
Miaka ishirini na miwili sikuwahi kuuliza
chini yake kuna nini.

Miwani ikaninyonya uso. Mrija ulikuwa na ladha
ya chumvi na meno ya watu wengine.
"Pumua kwa mdomo," Kondo alisema,
huku akitazama pembeni, kwa adabu.
Nikashika tengo la ngalawa kwa mkono mmoja,
nikatia kichwa ndani

na wote walikuwepo.

Tasi. Mkundaji na ndevu zake.
Kitatange, ambaye sokoni hana mwenyewe,
kumbe nyumbani kwake huvaa hivi!
Pono wanne wakikwangua jiwe:
niliwasikia, wallahi, kama watoto
wanaogombania ukoko sufuriani.
Changu akaja karibu. Akasimama.
Akageuza ubavu mmoja, akageuza wa pili,
mwenyewe, bila upawa wangu.
Jicho lake lilikuwa jeusi.
Mimi nalijua jeupe.

Halafu ngalawa ikasogea, na chini pakawa peupe.
Vifusi. Vijiti vya matumbawe vimelala
kama mifupa iliyoachwa sahanini.
Hapo hapakuwa na aliyekwangua kitu.
Nikatoa kichwa. Kondo akasema, "Baruti. Zamani."
Hakuongeza neno; wageni walikuwa wanapiga picha.

Zamani hiyo naijua.
Samaki wa baruti hajifichi kwa mkaangaji:
ukimpasua, mgongo umekatika vipande,
nyama inalegea kabla mafuta hayajalia.
Bei ilikuwa nusu. Siwema alikuwa darasa la tano,
sare, madaftari, mchango wa dawati.
Nilizidisha ndimu, nikazidisha pilipili,
na wateja wakasema,
Mama Siwema, leo umepatia.

Kisiwani tukakaa kwenye kivuli cha mvinje.
Hotipoti ikafunguliwa. Wageni wakalamba vidole,
mmoja akauliza kwa ishara kama kuna nyingine.
Mimi nikasema nimeshiba.
Siwema akanitazama. Ananijua.
Njaa ya maji ya chumvi haina heshima;
nikachukua mmoja, mdogo, nikala
taratibu, kama anayesoma barua ya mtu,
nyama upande huu, nyama upande ule,
mpaka ukabaki mgongo peke yake.

Nikaupitisha kidole, pingili kwa pingili,
toka kichwani hadi mkiani.
Mzima.
Nikaanza tena kuhesabu.